Gari kuukuu: Usinunue rangi, fungua boneti

UKISIMAMA kwenye njiapanda ya Emali, mahali barabara ya kwenda Loitokitok inapoagana na ile kuu ya Nairobi–Mombasa, hutangoja sana kabla ya kupitwa na Toyota Probox iliyosheheni nyanya na vitunguu kutoka Kimana. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Peugeot 504 na pikapu za Datsun. Gari hapa si pambo. Ni shamba la pili, na mara nyingi hununuliwa kwa pesa za ng'ombe waliouzwa sokoni papo hapo, pamoja na mkopo ambao mama amechukua chamani.

Ndiyo sababu inasikitisha kumwona mtu akitoa pesa hizo zote baada ya kulizunguka gari mara mbili, kupiga tairi teke na kuwasha redio.

Anza na nambari ya usajili. Herufi zake hukuambia gari lilisajiliwa lini nchini, wala si lilipoundwa. Mfululizo wa KAA ulianza 1989, na ule wa KBA 2007. Kwa kuwa Kenya hukubali magari yaliyotumika ng'ambo mradi yasipite miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza huko, gari la KBA huenda liliundwa Japan mwaka wa 2000. Muuzaji akisema, "Hili ni la 2007, mzee wangu," muulize: la kuundwa au la kushushwa Mombasa?

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta imepata joto, ujue gari limeamshwa kabla yako, na huenda lilikuwa gumu kuamka. Chomoa kijiti cha oili, kisha ufungue kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama uji wa maziwa, maji yameingia kwenye oili, na hapo gasketi ya silinda hedi ni mshukiwa wa kwanza. Tazama pia maji ya rejeta kama yana mafuta yanayoelea, ila usithubutu kuifungua ikiwa moto.

Liwashwe sasa, nawe usimame nyuma. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli inayopotea bure. Mvuke mweupe kidogo asubuhi si neno, lakini ukiendelea kutoka kwa wingi hata baada ya injini kupata joto, rudi kwenye ile habari ya gasketi.

Usikubali kulijaribu kwa kuzunguka stendi. Elekea upande wa Nairobi, upite Sultan Hamud, mji unaobeba jina la Sultani wa Zanzibar wa enzi za ujenzi wa reli, hadi miinuko ya Salama ambako malori hutambaa kama kobe. Huko ndiko gari husema kweli. Macho yako yawe kwenye mshale wa joto, masikio kwenye gia. Mkirudi mteremkoni, kanyaga breki taratibu uone kama usukani unavutwa upande mmoja.

Mwende na makanika wako, si wa muuzaji wala binamu ya muuzaji. Mlipe ada yake hata gari lisiponunuliwa. Fundi anayengojea chochote kutoka kwa dalali hana macho.

Saa ya kilomita isikubabaishe, kwani hurudishwa nyuma. Linganisha na mpira wa pedali ulivyolika na kiti cha dereva kilivyobonyea. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe kwenye milango na matao ya magurudumu. Isiposhika, chini ya rangi hiyo inayong'aa kuna puti. Inama pia nyuma. Probox iliyoongezwa springi ili ibebe zaidi imeshakula kazi ya magari mawili.

Karatasi kwanza, pesa baadaye

Injini mbovu hutengenezwa, lakini logibuku mbovu hukupokonya gari zima. Soma nambari ya chesisi na ya injini kwenye chuma chenyewe, uzilinganishe na zilizoandikwa. Ukiona chuma kimekwaruzwa, ondoka.

Kisha fanya upekuzi wa rekodi za gari hilo kwa Halmashauri ya Usalama Barabarani, NTSA, kupitia eCitizen. Usitegemee nakala ya simu ya muuzaji. Jina la benki likionekana kando ya jina la mwenyewe, kuna deni au lilikuwapo. Dai barua ya benki kwamba limelipwa. Anayepokea pesa awe yule yule aliye kwenye rekodi, mwenye kitambulisho mkononi, si "ndugu yake aliye Mombasa". Uhamishaji wa umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye mtandao, nawe ukaukubali. Msiachane kabla ya kuuanza, na mwenye mkopo wa chama awepo.

Kuhusu bei, zungumzeni. Lakini usimalize senti zote hapo. Weka kando za bima, oili mpya, filta, na mkanda wa injini kwa gari linaoutumia, uvibadilishe kabla ya kupakia kreti ya kwanza ya nyanya.