Nani Bingwa wa Mabingwa: Wangila, Waruinge au Muchoki?

Septemba 25, 2011, Patrick Makau, mwana wa Machakos, alimaliza mbio za marathon za Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Aliipunguza rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie kwa sekunde 21, tena Haile mwenyewe alikuwa katika mbio hizo hizo kabla ya kulazimika kujiondoa. Ubishi ukaishia hapo. Saa ilikuwa imeshatoa hukumu.

Ndondi hazina saa ya namna hiyo. Ndiyo maana kwenye vinyozi vya mjini Machakos, mazungumzo yakigeukia ngumi, swali la nani mwanandondi bora kuwahi kutokea Kenya halipati jibu hadi wateja wote wamenyolewa. Kijana hutaja medali ya dhahabu ya Robert Wangila akidhani amefunga mjadala. Mzee anayesubiri zamu yake humuuliza, "Kijana wangu, Philip Waruinge ulimwona akicheza?" Kabla hilo halijajibiwa, mwingine humleta Stephen Muchoki. Wote watatu wana hoja, na kila hoja inastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Tuanze na dhahabu. Oktoba 1988, jijini Seoul, Wangila alipanda ulingoni kwenye fainali ya uzani wa welter, kilo 67, dhidi ya Laurent Boudouani wa Ufaransa. Hakuwaachia majaji kazi yoyote. Katika raundi ya pili alimwangusha Mfaransa huyo na pambano likaisha. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha.

Wanaomdharau Wangila husema alibahatika kwa ngumi moja. Wamsikilize basi Boudouani, si kwa maneno bali kwa aliyoyafanya baadaye. Mwaka 1996 alitwaa taji la dunia la WBA katika ndondi za kulipwa, akalishikilia hadi 1999 alipopokonywa na Mmarekani David Reid, ambaye naye alikuwa bingwa wa Olimpiki. Mtu aliyelala chini mbele ya Wangila hakuwa mnyonge.

Hapo ndipo penye kipimo cha kwanza cha bingwa: alipigana na nani? Medali huonyesha ulifika wapi, lakini jina la mpinzani huonyesha ulipita njia gani.

Kwa kipimo hicho, mzee wa kinyozi ana nguvu. Waruinge alipigana uzani wa kilo 57. Alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mara mbili, Kingston mwaka 1966 na Edinburgh mwaka 1970. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alifika nusu fainali, akakutana na Antonio Roldán, Mmexico aliyekuwa akicheza nyumbani mbele ya watu wake. Majaji watatu walimpa Roldán ushindi, wawili wakampa Waruinge. Roldán akaenda kutwaa dhahabu baada ya mpinzani wake wa fainali kuondolewa kwa kuvunja sheria. Waruinge akabaki na shaba.

Lakini michezo ilipokwisha, kombe la Val Barker, ambalo hupewa mwanandondi aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki nzima, lilikwenda kwa Mkenya huyo mwenye shaba. Katika mashindano hayo alikuwamo George Foreman, aliyeshinda dhahabu ya uzani wa juu na baadaye kuwa bingwa wa dunia. Waliokuwa kando ya ulingo walimwona Foreman na nguvu zake zote, na bado wakamchagua Waruinge.

Miaka minne baadaye, Munich, alifika fainali na kushindwa na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Mara nyingine tena majaji watatu kwa wawili. Yaani katika Olimpiki mbili, kilichomtenga Waruinge na ushindi ni kalamu ya jaji mmoja kila mara. Kisha akahamia Japani na kupigana ngumi za kulipwa kwa jina la Waruinge Nakayama, na mwaka 1976 akapigania taji la WBC nchini Panama dhidi ya mwenyeji, Rigoberto Riasco. Alishindwa, lakini alikuwa ameamua kumfuata mpinzani nyumbani kwake.

Muchoki, wa kilo 48, ana kesi ya aina nyingine. Mwaka 1974 jijini Havana alishindwa fainali ya ubingwa wa dunia wa ridhaa na Jorge Hernández, Mcuba aliyekuwa kwao. Hernández huyo alikwenda Montreal mwaka 1976 akarudi na dhahabu ya Olimpiki. Muchoki hakuwepo. Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilikuwa imesusia michezo hiyo kupinga New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1978 jijini Belgrade, Muchoki akawa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kufika hapo. Olimpiki iliyofuata, ya Moscow mwaka 1980, Kenya ilisusia pia. Bingwa wa dunia hakupata nafasi ya kuigusa medali ya Olimpiki kwa sababu ambazo hazikuhusu ngumi zake hata kidogo.

Kipimo cha pili ni uungwana, na hapa Seoul inatupa mfano ambao kila mpenzi wa ndondi anapaswa kuujua. Katika michezo ile ile ya Wangila, Roy Jones wa Marekani alimzidi waziwazi Park Si-hun wa Korea Kusini kwenye fainali ya kilo 71. Majaji wakampa Park ushindi, watatu kwa wawili. Aibu hiyo ilichangia kuletwa kwa mfumo wa kuhesabu pointi kwa kompyuta. Park aliishi na lawama kwa makosa ya majaji. Mwaka 2023 alisafiri hadi Marekani na kumkabidhi Jones medali hiyo ya dhahabu kwa mikono yake mwenyewe.

Uungwana, hata hivyo, si wa mabondia peke yao. Julai 22, 1994, Wangila alipigana na David Gonzales huko Las Vegas. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona ngumi zimemzidi akasimamisha pambano. Wangila alilalamika kwamba bado anaweza kuendelea. Alitoka ulingoni kwa miguu yake, kisha akazirai katika chumba cha kubadilishia nguo. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo, na Julai 24 akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Moyo wa kutokubali kushindwa uliompa dhahabu Seoul ndio uliomfanya ampinge refa usiku ule. Bondia aliyepigwa kichwani si yeye wa kuamua kama ameumia. Kazi hiyo ni ya refa, ya daktari na ya kona yake, na shabiki anayezomea pambano linaposimamishwa anamsukuma kijana wa mwenzake kwenye hatari.

Basi nani bora? Wangila ana siku kuu kuliko zote katika historia ya ndondi za Kenya, na hakuna wa kumpokonya. Muchoki ana ubingwa wa dunia na kidonda cha Olimpiki mbili alizonyimwa. Lakini ukijumlisha miaka, wapinzani, ufundi na viwanja vya ugenini, bora wa wote ni Philip Waruinge.

Wenye vilabu na walimu wa michezo Machakos wawafundishe vijana majina haya matatu pamoja na mapambano yao, yakiwemo yale waliyoshindwa. Na refa atakapoinua mikono kusimamisha pambano, tumpigie makofi.