Taa kali haimfukuzi mwizi

"Nifunge ya wati 100 au 200?" Kuanzia Kariakoo hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, hakuna fundi wa taa za nje asiyelijua swali hili, na kwa kawaida muulizaji huwa ameshajijibu: kubwa zaidi, ili mwizi aogope. Swali lenyewe limekosewa mara mbili. Wati hupima umeme unaoliwa na taa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na taa mbili za wati sawa zinaweza kupishana sana. Kosa la pili ndilo zito: imani kwamba mwanga ukizidi, usalama nao huzidi.

Imani hiyo imeshapimwa. Mwaka 1998 jiji la Chicago lilianza kung'oa taa za wati 90 kwenye vichochoro vyake na kuweka za wati 250. Tathmini ya eneo moja la magharibi mwa jiji ilikuta makosa yaliyoripotiwa yamepanda kwa asilimia 21. Pengine watu waliona zaidi na hivyo wakaripoti zaidi, lakini upungufu uliotarajiwa haukutokea. Huko Uingereza na Wales, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichambua takwimu za halmashauri 62 za tangu 2000 hadi 2013, zikiwemo zilizopunguza au kuzima taa za barabarani usiku wa manane ili kubana matumizi. Haukupata ushahidi kwamba kuzima taa kuliongeza uhalifu au ajali.

Mtetezi wa taa kali atataja New York, na ana haki. Mwaka 2016 minara ya taa iliwekwa kwenye makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa takriban theluthi moja. Ila hizo ni nyua za maghorofa: watu wanaingia na kutoka, madirisha yanatazama chini. Mwanga ulikuta macho ya kuutumia.

Sasa itazamwe nyumba ya Mbezi au Kitengela. Ukuta mrefu, geti la chuma, wenyewe wamelala, mtaani hapiti mtu. Nani anaona? Mwizi! Anaona kufuli, anaona dirisha lililosahauliwa wazi, na hahitaji hata kuwasha tochi.

Mlinzi akiwepo, taa inamwumiza yeye kwanza. Mboni ya jicho hubana kwa sekunde chache tu mbele ya mwanga mkali, lakini jicho likirudi gizani huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea kikamilifu. Mwanga unaopiga usoni hutawanyika ndani ya jicho na kutanda kama ukungu, hasa kwa mwenye mtoto wa jicho. Asiyeamini afanye jaribio usiku wa leo: asimame getini akitazama upande wa taa, kisha aizibe kwa kiganja. Atashangaa ni vitu vingapi vilivyokuwa vimejificha pembeni mwa mng'ao ule.

Hakuna anayesema watu wakae gizani. Mama wa Mathare anayetoka kwenda chooni usiku anahitaji taa kuliko mwenye bangaloo. Lakini "mulika mwizi", mlingoti mmoja mrefu juu ya bahari ya mabati, humulika mapaa vizuri na kuacha vivuli vyeusi kwenye vichochoro, pale pale watu wanapopita. Khayelitsha, pembezoni mwa Cape Town, ilirithi milingoti ya hadi mita 40 kutoka enzi ya ubaguzi wa rangi, na wakazi wamedai kwa miaka mingi taa za kawaida za mitaani.

Hasara yenyewe inaonekana kwa macho. Abiria wa pantoni ya Magogoni akitazama nyuma usiku huliona jiji la Dar es Salaam limepambwa, na kweli linapendeza. Hata hivyo, kila taa ya nje inayomchoma macho kutoka ng'ambo ile imerusha kwake mwanga ambao ungepaswa kutua barabarani. Umeme wake umelipiwa.

Basi, cha kufanya. Taa iwe na kofia na itazame chini, balbu isionekane kutoka barabarani. Taa tatu ndogo zilizotawanywa ni bora kuliko moja kubwa, na mlangoni lumeni 800 zinatosha. Kwenye boksi itafutwe namba ya rangi ya mwanga, yenye herufi K: 3000 au chini yake, si ile nyeupe ya 6500 inayojaa madukani. Kihisi cha mwendo kifungwe, kwa sababu taa inayowaka ghafla hufanya mtu ageuke kutazama. Wa Watamu na Mafia wakinge kabisa upande wa ufukwe, maana vifaranga vya kasa hufuata mwangaza na kupotea njia ya baharini. Pesa itakayobaki inunue kufuli imara, na mlinzi apewe tochi yake mwenyewe, kiti chake kikihamishiwa nyuma ya taa.