Kabla ya kufurahia shawa ya moto, uliza waya wa kijani umeishia wapi

WENGI wakisikia Kisumu huwazia jua kali, samaki na upepo wa ziwa. Sisi tunaoishi hapa tunajua upande wa pili. Mvua ikinyesha usiku kucha kuanzia milima ya Kajulu hadi mjini, maji ya bomba alfajiri huwa baridi ya kuumiza meno. Kijana anayetakiwa kazini saa moja na nusu hana muda wa kuwasha jiko la makaa ili achemshe maji ya kuoga.

Ndiyo maana katika nyumba nyingi mpya za kupangisha, kutoka Migosi hadi Mamboleo, kutoka Lolwe hadi Nyamasaria, utakuta shawa ya moto, ile inayofungwa juu ukutani na kupasha maji papo hapo. Landilodi huitaja hata kabla hajakuonyesha jikoni. Nawe unalipa depositi ukiwa umechangamka.

Mimi pia nilichangamka. Siku ya tatu katika keja yangu mpya, nikiwa na sabuni machoni, nilishika koki ili nifunge maji. Nikahisi kama sindano zinakimbia kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nilipomweleza keateka wa ploti alicheka. "Hiyo ni kawaida. Vaa tu slipa," akanijibu.

Nikavaa slipa. Majirani nao walikuwa na zao mlangoni mwa bafu, na nikaelewa kuwa wote tulipewa jibu hilohilo. Wiki kadhaa baadaye nilimwita fundi wa stima kutoka mtaa mwingine. Alizima umeme, akafungua kifuniko na kunionyesha waya wa kijani. Ulikuwa umekatwa, ukakunjwa na kufungwa tepu. Haukuwa umeunganishwa popote.

Huo waya ndio uliopaswa kunilinda. Slipa zilikuwa zinanipa moyo tu.

Mzigo wake si wa balbu

Shawa ya kawaida inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ina nguvu ya takriban wati 5,500. Nyingine hufika 7,500. Balbu ya kisasa hutumia wati 9 hivi, kwa hivyo ukifungua shawa ni kama umewasha balbu zaidi ya 600 kwa mpigo, tena wewe ukiwa chini yake, umelowa, bila viatu.

Umeme wetu Kenya ni volti 240. Gawanya 5,500 kwa 240, utapata karibu ampea 23. Ile ya 7,500 huvuta karibu ampea 31. Hapo ndipo mafundi wengi wa haraka huharibu. Waya wa taa huwa wa milimita mraba 1.5, na wa soketi 2.5. Fundi anayetaka kumaliza kabla ya chakula cha mchana huona waya wa balbu ya bafuni uko karibu, akaunganisha shawa hapo hapo.

Siku ya kwanza breka inaruka. Fundi anarudi, anatoa breka ndogo na kuweka kubwa ya ampea 32. Breka haichezi tena, kila mtu anafurahi. Lakini kazi ya breka ni kulinda waya. Ukiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba, sasa waya ndio utakaoungua kwanza, ndani ya ukuta au juu ya dari ambako hakuna anayeona.

Shawa inahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka: waya wa milimita mraba 6 uliopita ndani ya bomba lake la plastiki, breka inayolingana na mzigo pamoja na waya huo, na swichi kubwa inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Swichi hiyo ikae nje ya bafu, au mahali ambapo mkono wenye maji hauwezi kuifikia. Viungo vya waya kwenye shawa vikazwe kwa konekta ya kauri inayostahimili joto. Kusokota waya na kufunga tepu hakutoshi, kwa sababu kiungo kilicholegea hupata moto kila unapooga. Ukiona rangi ya kahawia au harufu ya plastiki iliyoungua pale juu, usiendelee kuitumia.

Waya wa kijani na kinga ya pili

Ndani ya shawa kuna koili inayopasha maji. Katika aina nyingi za bei nafuu, koili hiyo iko wazi ndani ya maji yenyewe. Maji hupitisha umeme, na kadiri yanavyokuwa na chumvi na madini mengi ndivyo yanavyopitisha zaidi. Kwa hivyo umeme kidogo unaweza kushuka na maji. Waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi na ambao huwa wa kijani au kijani na manjano, huuchukua umeme huo na kuupeleka ardhini kupitia chuma kilichochimbiwa nje ya nyumba. Ukikatwa, mwili wako ndio unaobaki kuwa njia.

Hapa Kisumu jambo hili lina uzito wa kipekee. Aliye na maji ya KIWASCO, yale yanayotoka ziwani na kusafishwa Dunga au yanayotoka Kajulu, hana maji sawa na aliye kwenye kisima cha Manyatta au ploti yenye borehole upande wa Kano. Maji ya ardhini mara nyingi huwa na madini zaidi. Dukani kuna shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa. Ni ghali kidogo, lakini mwambie muuzaji ukweli kuhusu maji yako kabla hajakufungia boksi.

Kuna ujanja mwingine wa hatari: fundi asiyepata waya wa ardhi ndani ya nyumba anaufunga kwenye bomba la maji au kwenye nyutro. Kama bomba ni la plastiki, haukwendi popote. Kama ni la chuma, hitilafu ya kwako inaweza kumrusha jirani anayefungua mfereji wake. Na ukifungwa kwenye nyutro, siku nyutro itakapokatika, vyuma vyote vya bafu vinaweza kuwa na umeme.

Kinga ya pili ni kifaa kinachoitwa RCD. Hiki hupima umeme unaoenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, kinakata ndani ya kipande cha sekunde. Breka ya kawaida ya ampea 32 haiwezi kukuokoa hivyo. Umeme mdogo mno kuliko huo unatosha kusimamisha moyo. RCD ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Kisiporuka, mwite fundi.

Maji nayo yana kanuni zake

Anza na maji, kisha stima. Fundi wa bomba alete njia ya nusu inchi, aweke koki ya kufungia maji, na aache kichwa cha shawa kiwe mita mbili hivi kutoka sakafuni. Kabla ya kufunga shawa, fungua maji yatoke ovyo kwa dakika moja. Mchanga na mabaki ya mabomba yaliyochomelewa yakiingia ndani, yataziba matundu.

Kama unategemea tangi, angalia urefu wake. Shawa nyingi zinahitaji angalau mita moja ya kimo kati ya sehemu ya chini ya tangi na kichwa cha shawa, na mbili ni bora zaidi. Tangi likiwa chini, maji yatakuwa ya kudondoka na shawa huenda isiwake kabisa. Hapo wengine hufungua na kuchokora ndani ili iwake kwa lazima. Usijaribu. Inua tangi au weka pampu ndogo.

Halafu kuna mgao wa maji, ambao hatuuhitaji kufundishwa. Maji yakirudi baada ya siku mbili, mabomba yamejaa hewa. Zima swichi ya shawa, acha maji baridi yatoke hadi yatulie, ndipo uwashe. Fanya vivyo hivyo siku ya kwanza baada ya kufungiwa. Koili ikiwaka bila maji inaungua kwa sekunde chache.

Na kile kitufe cha kubadilisha joto kisiguswe maji yakiwa yanatiririka. Funga maji, badilisha, fungua tena. Radi zikianza kupiga ziwani jioni, ahirisha kuoga. Umeme wa radi unaweza kusafiri kwa waya na mabomba hadi ulipo.

Wanafunzi na ile koili ya ndoo

Kwa wenzetu wa hosteli, kuanzia Maseno hadi mjini, shawa ni ndoto na koili ya kutumbukiza kwenye ndoo ndiyo ukweli wa maisha. Kanuni ni moja: chomoa kwenye soketi kwanza, ndipo uguse maji. Usiingize kidole kupima kama yamepata moto ikiwa bado imechomekwa, hata kama umezima swichi. Usiiache ukaenda kupiga stori chumba cha pili.

Maswali ya kumuuliza fundi

Si lazima ujue kazi yake. Muulize haya, usikilize anavyojibu:

- Waya huu ni wa milimita ngapi, na unatoka moja kwa moja kwenye kisanduku?
- Athi inaishia wapi? Nionyeshe.
- RCD ipo? Bonyeza kitufe nione.
- Umezima wapi kabla ya kushika waya, na umepima kwa testa?
- Una leseni?

Swali la mwisho lisikuonee haya. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, kazi ya kuweka nyaya za umeme hufanywa na aliyepewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Leseni hizo zina madaraja, kuanzia C2 hadi A1.

Na kwako kijana unayetafuta kazi, hapo pana riziki. Ploti zinajengwa, shawa zinaungua, na wateja wamechoka kubahatisha. Kisumu National Polytechnic ni mojawapo ya mahali pa kusomea ufundi. Aliyejifunzia mtaani anaweza kufanya mitihani ya NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Anayejua maji na stima kwa pamoja, na mwenye karatasi, haitwi mara moja tu.

Ukikuta mtu amenaswa

Usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Kama huifikii, msukume atengane na umeme kwa kutumia ubao mkavu au plastiki kavu, nawe ukiwa umesimama pakavu. Asipopumua, anza kumbonyeza kifua huku mwingine akipiga 999, 112 au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Hitilafu ikiwa kwenye nguzo au mita, piga Kenya Power kwa 97771.

Keja yangu ilirekebishwa. Landilodi alilalamika kidogo kuhusu gharama ya waya mpya na RCD, lakini wapangaji sita tulipoenda kwake pamoja alikosa la kusema. Pengine hilo ndilo funzo kubwa. Mpangaji mmoja akilalamika huambiwa avae slipa. Wapangaji sita husikilizwa.

Kesho asubuhi ukiingia bafuni, tazama juu kabla ya kufungua maji. Na ukihisi zile sindano vidoleni, hata mara moja, zima swichi na utoke. Maji baridi hayajawahi kumuua mtu wa Kisumu kwa kuoga.