Wanahisabati katika Utumishi wa Siri

Kwa karne nyingi kazi ya kufichua maandishi ya siri ya adui ilidhaniwa kuwa ni ya mabingwa wa lugha, na wanahisabati walioitwa katika baraza hilo walikuwa wachache. Lakini mwaka 1929 wakuu wa jeshi la Poland, kwa busara ambayo dola nyingi kubwa zaidi zilikuwa bado hazijaipata, walifungua darasa la faragha katika Chuo Kikuu cha Poznań, wakawaita wanafunzi wa hisabati waliokijua Kijerumani barabara, kwani mji ule ulitawaliwa na Wajerumani hadi mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Miongoni mwao alikuwamo Marian Rejewski, ambaye mwaka 1932, mjini Warsaw, alikabidhiwa fumbo la Enigma, mashine ya jeshi la Ujerumani iliyopitisha kila herufi katika magurudumu yenye nyaya, nayo magurudumu yakizunguka hata njia ya herufi ikabadilika kila ilipopigwa. Wajerumani walikuwa na kawaida ya kuandika ufunguo wa kila barua, herufi tatu, mara mbili mwanzoni mwake, na katika kurudia huko Rejewski aliuona mlango: herufi ya kwanza na ya nne asili yake ni moja, ya pili na ya tano vivyo hivyo, na ya tatu na ya sita kadhalika. Akazikusanya herufi hizo za barua za siku nzima, akazipanga katika mizunguko kwa kanuni za elimu ya mipangilio, iliyokuzwa na watu waliotafuta ufumbuzi wa milinganyo tu, na kwa msaada wa nyaraka zilizopatikana na majasusi wa Ufaransa akabaini jinsi nyaya zilivyofungwa ndani ya mashine ambayo hakupata kuiona. Sioni ushindi wa akili ulio bora kuliko huo katika kazi hii yote.

Julai 1939 Wapoland waliwapa Waingereza na Wafaransa siri hiyo, na mwanahisabati Alan Turing na wenzake wakaiendeleza katika kituo cha Bletchley Park, Uingereza. Hata Mombasa, mwaka 1942, jengo la shule ya Allidina Visram lilifanywa na Waingereza ofisi ya kufichua maandishi ya siri ya Wajapani.

Ama ijara ya kazi hii ni kimya. Rejewski alirejea kwao mwaka 1946, akawa mhasibu. Nchini Uingereza James Ellis, mtumishi wa idara ya siri ya serikali, aliandika mwaka 1970 kwamba ufunguo wa kufungia siri waweza kutangazwa hadharani, na mwaka 1973 mwenzake kijana, Clifford Cocks, akaitimiza fikra hiyo kwa namba tasa. Lakini sifa waliipata wataalamu watatu waliokuwa Marekani, walioivumbua wenyewe njia hiyo mwaka 1977, kwa kuwa serikali ya Uingereza haikufungua majalada hadi Desemba 1997, na Ellis alikwisha fariki mwezi uliotangulia.

Basi kijana anayeitwa katika utumishi huu na aulize, kabla ya kutia sahihi, atamtumikia nani na atakatazwa kuchapisha nini; na dola zinazonufaika kwa akili za watu hawa ziwafungulie siri zao wangali hai.