Bwawa la jirani yako lina njia ya maji ya ziada?

Ukiacha barabara kuu ya Mombasa–Malindi ukaingia bara kidogo, au ukipanda upande wa Kwale, hukosi kuona shamba ambalo mwenyewe ameziba bonde kwa tuta la udongo akajipatia ziwa lake. Kando kuna banda la makuti, samaki wa kuvua, mashua mbili tatu za watoto. Siku za Idd na Krismasi watu hulipa kiingilio. Sina ubaya na biashara hiyo, na hata mimi nimekula samaki wangu huko. Ninaowauliza habari zao ni wale wanaolala chini ya tuta.

Tufanye hesabu kidogo. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Bwawa la ekari moja lenye kina cha wastani wa mita 2 lina maji mita za ujazo 8,000, na kila mita ya ujazo ina uzito wa tani 1. Hizo ni tani 8,000, mzigo wa malori 800 ya tani 10, nao umezuiwa na udongo. Mwenye shamba atakwambia ni kidimbwi tu cha samaki.

Udongo ulioshindiliwa vizuri huzuia maji miaka na miaka. Hauwezi kuvumilia maji yanayopita juu yake. Mvua ikizidi na bwawa likajaa mpaka ukingoni, maji huanza kumwagika upande wa pili na kukata kijifereji. Kijifereji hupanuka, na muda si mrefu tuta lote linaondoka. Ndiyo maana kila bwawa la udongo lazima liwe na mfereji wa maji ya ziada, uliochimbwa pembeni kwenye ardhi ngumu, chini kuliko kilele cha tuta, na mpana wa kutosha kubeba mvua kubwa. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kukagua, nitachagua huo.

Njia ya pili ya kuvunjika ni ya siri. Maji hupenya ndani ya tuta, hasa kando ya bomba lililopitishwa ndani yake, au kufuata mashimo ya wanyama na mizizi ya miti iliyooza. Kidogo kidogo yanachukua udongo. Wengi wanapenda kupanda miti juu ya tuta kwa ajili ya kivuli. Afadhali waipande mbali.

Watu wa burudani wamewahi kulipa gharama ya mambo haya, au tuseme waliowalipia ni wengine. Huko Pennsylvania, Marekani, klabu ya matajiri ya uvuvi na uwindaji ilinunua bwawa kuukuu la udongo juu ya mji wa Johnstown. Andrew Carnegie alikuwa miongoni mwa wanachama. Kilele cha tuta kilishushwa ili magari ya farasi yapite vizuri. Kwenye mfereji wa maji ya ziada wakaweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke. Mabomba ya kupunguzia maji yalikwisha kung'olewa zamani, nao hawakuyarudisha. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilinyesha, takataka zikaziba vile vyuma, maji yakapita juu. Watu 2,209 walikufa. Klabu haikuwahi kupatikana na hatia mahakamani.

Sisi tuna Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya mvua kubwa, bwawa la shamba la mtu binafsi katika Kaunti ya Nakuru lilivunja kingo na kufagia vijiji vilivyokuwa chini yake. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilisema halikuwa na kibali. Mwaka huo huo watu tisa, wakiwemo mmiliki na maafisa wa serikali, walishtakiwa kwa makosa 48 ya kuua bila kukusudia. Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia baada ya upande wa mashtaka kushindwa kuendelea na kesi, nao ukakata rufaa.

Sheria ipo. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha Mamlaka hiyo kabla ya kuzuia maji namna hii. Kanuni za 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu: chini ya mita 5, mita 5 hadi chini ya 15, na zaidi ya hapo. Dogo likaitwa la hatari ndogo. Hapo mimi nina neno. Tuta la mita 4 lisilo na nyumba chini yake ni hasara ya mwenyewe likivunjika. Tuta hilo hilo likiwa juu ya madrasa ni jambo jingine kabisa. Na nyumba zinaongezeka: bwawa lililochimbwa juu ya msitu miaka 20 iliyopita huenda leo liko juu ya mtaa, na kibali, kama kilikuwepo, ni kile kile cha zamani.

Kwa hivyo usingoje mkaguzi. Kaskazi likivuma na maji yakiwa chini, muombe mwenye bwawa akutembeze, kwa adabu, mkiwa watu watatu wanne na mzee wa mtaa. Tazameni mfereji wa maji ya ziada: upo? Umefungwa kwa wavu wa samaki, au umejengewa banda? Tazameni nyufa ndefu juu ya tuta na mahali palipoporomoka. Chini ya tuta, maji yanayovuja yakiwa maangavu, yatiwe alama na yaangaliwe kila wiki. Yakiwa na rangi ya udongo, tuta linaliwa kwa ndani. Bwawa lianze kupunguzwa taratibu siku hiyo hiyo, mhandisi aitwe, na walio chini waambiwe wahame kwa muda. Akikataa kuwatembeza, andikeni barua kwa ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, nakala kwa chifu na kwa chama cha watumiaji maji cha eneo lenu, na mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri na tarehe kabla masika hayajaingia.