Kabla ya kunyanyua Prado ya familia, pimeni kwanza

Likizo ya Desemba ikikaribia, nyumba nyingi zenye gari la njia mbaya huwa na mjadala uleule. Baba ameona Prado ya jirani imesimama juu, na anasema ya kwao inagonga chini kila wakienda kwa bibi. Mama anauliza ni shilingi ngapi, na kama pesa hiyo si ada ya Januari. Wote wawili wana hoja. Anayekwenda Lushoto au Mahenge wakati wa masika anajua sauti ya uvungu ukikwaruza jiwe huku watoto wamelala nyuma. Ila kunyanyua gari hubadilisha namna linavyokata kona, linavyofunga breki na kiasi ambacho dereva anaona mbele yake, na ndani ya gari hilo mnapanda nyote.

Kabla hamjaenda gereji, chukueni tepu ya kupimia. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, pembe zote nne, gari likiwa tupu mahali tambarare. Andikeni. Kisha ingieni wote, na mizigo ya safari, mpime tena. Kama linalozama sana ni nyuma, shida yenu ipo kwenye springi za nyuma, na pesa ya kubadilisha za mbele itakuwa imepotea bure. Kama mbele ndiko chini hata gari likiwa tupu, kuna uwezekano mkubwa springi zimechoka tu. Prado nyingi za mitaani kwetu zilikuja zimetumika tayari na zina zaidi ya miaka 15 barabarani. Springi mpya za kiwango cha kiwanda zinaweza kulirudisha gari kimo chake cha zamani, na mjadala ukaishia hapo.

Kama bado mnataka kupanda zaidi, jueni kwanza gari lenu ni la aina gani mbele. Prado kuanzia ile ya mwaka 1996, pamoja na Hilux za Vigo na Revo, kila gurudumu la mbele lina mikono yake ya juu na ya chini, na shokapu iliyovishwa springi katikati. Land Cruiser ya mkonga, Jimny na Defender za zamani zina ekseli moja nzima inayounganisha magurudumu mawili. Tofauti hii ni kubwa kuliko wauzaji wengi wa spea wanavyoieleza. Kwenye Prado, springi ndefu huinua bodi, chesisi na difu ya mbele pamoja. Kwenye mkonga, springi huinua bodi na chesisi, lakini difu inabaki palepale ilipokuwa, kwa sababu imelala juu ya ekseli. Kinachoinua difu ya mkonga ni tairi kubwa tu, tena kwa nusu ya ongezeko la kipenyo chake. Kwa hiyo mwenye mkonga anayelalamika difu inagonga mawe, springi hazitamsaidia.

Spesa ni rahisi, lakini

Njia ya bei nafuu mnayoijua ni spesa, kile kipande cha alumini au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya shokapu. Kwenye Rav4 au Harrier, spesa ya sentimita 3 huinua gari karibu sentimita 3. Kwenye Prado, shokapu imekaa kwenye mkono wa chini, ndani zaidi kuliko gurudumu, kwa hiyo spesa ya sentimita 2.5 huinua gari karibu sentimita 5. Fundi asiyejua hili atakuwekea ya sentimita 5 akidhani ni wastani, na gari litasimama kama mbuzi anayekula majani ya mti.

Shida ya spesa hii haionekani gari likiwa limesimama. Inaonekana gurudumu linapodondoka shimoni: linashuka chini kuliko kiwanda kilivyopanga, na boljointi na sivi jointi zinavutwa hadi mwisho wa pembe zake. Raba ya sivi jointi huanza kupasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na baada ya miezi kadhaa unasikia "ka-ka-ka" ukikata kona. Zaidi ya hapo, spesa haikupi springi mpya. Ile iliyochoka bado imechoka, ila sasa imepandishwa juu ya kigoda. Ile mipira ya kuchomeka kati ya mizunguko ya springi ni mbaya zaidi: inazuia sehemu ya springi isifanye kazi, na nguvu yote inahamia kwenye mizunguko iliyobaki.

Kwa gari la familia, mimi ningechagua springi mpya pamoja na shokapu zilizotengenezwa kufanya kazi nazo. Hapo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: springi hii ni ya uzito gani? Wengi huuliza inapandisha inchi ngapi. Watengenezaji wenye jina, mfano Old Man Emu wa Australia, hutoa springi za mbele za aina kadhaa kwa gari lilelile, kulingana na uzito wa ziada unaobeba mbele. Bampa la chuma na winchi pamoja vinaweza kufika kilo 80 hadi 100. Ukinunua springi ya uzito huo halafu mbele una bampa la plastiki la kiwandani, gari litapanda kuliko ulivyotaka na litakuwa gumu kama mkokoteni. Watoto watatapika kabla hamjafika Chalinze. Ukifanya kinyume, ukafunga bampa la chuma juu ya springi nyepesi, mbele patazama na shokapu itagota kila shimo.

Kwa hiyo amueni kwanza mtabeba nini kwa kawaida, siku za shule na siku za safari, ndipo mtafute springi. Baadhi ya seti huja na springi mbili zisizolingana, moja ya upande wa dereva, kwa sababu gari huelekea kulala upande huo. Mwangalie fundi asizibadilishe. Na shokapu ya kiwandani isitumike na springi ngumu kwa ajili ya kubana matumizi: haina nguvu ya kuituliza, na gari litacheza juu chini kila baada ya tuta.

Sentimita 5 zinatosha

Kimo kipya kisizidi sentimita 4 hadi 5 juu ya kile cha kiwanda. Kipo kitu kiitwacho kasta. Tazama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala: ule mlalo ndio unaofanya baiskeli iende sawa hata ukiachia mikono kidogo. Gari nalo lina mlalo kama huo, na ukinyanyua mbele unapungua. Usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye lami kwa kilomita 100 kwa saa gari linatangatanga. Ndani ya sentimita 5, kwa kawaida mashine ya alaimenti inaweza kulirekebisha. Zaidi ya hapo Prado huhitaji mikono mipya ya juu, na mkonga huhitaji bushi maalumu za kurudisha kasta, mipira mirefu ya breki, na ile fimbo inayoshika ekseli isihame pembeni ibadilishwe kwa inayorekebishika. Muuzaji anayekupa bei ya sentimita 10 bila kutaja vitu hivyo amekupa nusu ya bei.

Kuhusu kupinduka, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hutumia kipimo rahisi: nusu ya upana kati ya tairi za kushoto na kulia, gawanya kwa urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Jibu likiwa dogo, hatari ni kubwa. Ukinyanyua gari unaongeza ule urefu na upana unabaki vilevile. Ongeza keria lenye magunia mawili ya viazi kutoka kwa bibi, na kona uliyozoea kuikata kwa kasi fulani si ile tena.

Siku ya kazi, watoto wabaki nyumbani. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mfupa, na fundi asiye na kibanio chake asiiguse. Jambo moja la kumkumbusha kwa upole: "Fundi, bolti za bushi za mkono wa chini zikazwe gari likiwa chini, limesimama kwa tairi zake." Zikikazwa magurudumu yananing'inia, raba hujikunja muda wote na hufa mapema. Ukitoka hapo nenda alaimenti siku hiyohiyo, udai karatasi ya vipimo, na taa zishushwe, maana zitakuwa zinawamulika wenzako usoni. Rudi gereji baada ya kilomita 500 kukagua bolti. Mwambieni pia wakala wa bima kuwa gari limebadilishwa, kabla hajaligundua mwenyewe baada ya ajali.

Limebaki la boneti, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Tuchukue mfano wa hesabu. Jicho la dereva lipo sentimita 160 kutoka ardhini, ukingo wa mbele wa boneti sentimita 110, na kati yake ni sentimita 180. Mtoto wa sentimita 85, yaani wa karibu miaka miwili, akisimama ndani ya sentimita 90 mbele ya boneti haonekani hata utosi. Nyanyua gari lote sentimita 5, na eneo hilo linafika sentimita 108. Ukinyanyua mbele peke yake ni zaidi, kwa sababu boneti inapanda kuliko jicho.

Fanyeni jaribio hili uani gari likirudi. Chukueni ndoo, muiweke juu ya stuli mpaka ifike kimo cha mtoto wenu mdogo. Mama akae kwenye usukani, baba asogeze ndoo mbele polepole mpaka mama aseme ameiona. Chora mstari kwa chaki hapo. Kisha badilishaneni, kwa sababu mfupi wenu ana mstari wake. Fanyeni hivyo nyuma pia, na watoto waitwe waione. Gari likiwashwa, wote wawe barazani, na anayeendesha awahesabu kwa majina kabla ya kuachia breki.