Hewa Iliyo Nyuma ya Pedali: Kutafuta Ugonjwa wa Breki za Pikapu za Dizeli Mkoani Mara

Mguu wa dereva peke yake hausimamishi kwa urahisi pikapu iliyobeba tani moja ya samaki kutoka mwaloni Musoma au magunia ya mahindi kutoka Bunda. Nguvu inayoongezwa juu ya ile ya mguu hutoka kwenye busta, lile kopo pana la chuma lililofungwa kati ya pedali na masta silinda, na anayefanya kazi ndani yake ni hewa ya kawaida. Kwa hiyo fundi anayetafuta chanzo cha breki ngumu anatafuta kwanza hewa: inatoka wapi, inaingia wapi, na inavujia wapi.

Ndani ya busta mna kiwambo cha mpira kinachogawa kopo vyumba viwili. Dereva asipokanyaga, vyumba vyote viwili vimenyonywa hewa. Akikanyaga, vali ndogo hufunguka na hewa ya nje huingia upande wa pedali tu. Upande wa mbele hubaki na ombwe, na hewa iliyoingia husukuma kiwambo kuelekea masta silinda. Mbelgiji Albert Dewandre alibuni mtambo wa aina hii katika miaka ya 1920, na mpaka leo msingi wake haujabadilika.

Injini ya petroli hupata ombwe bila gharama, kwa sababu kilango cha hewa kwenye manifoldi hubana njia na injini hunyonya dhidi yake. Injini ya dizeli kwa kawaida haina kilango hicho. Hewa hupita wazi, na mwendo hutawaliwa kwa kiasi cha mafuta. Ndiyo maana dizeli inahitaji pampu ya kutengeneza ombwe. Katika Toyota Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L, pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta na huzungushwa na mkanda uleule. Oili ya injini huletwa kwa kimpira chembamba ili kulainisha vibapa vinavyozunguka ndani na kuziba mianya yake. Injini nyingine za dizeli huizungusha pampu kwa gia, na kwa hizo suala la mkanda halipo.

Hapa ndipo jiografia ya Mara inapoingia kwenye gereji. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bunda na Butiama ziko juu zaidi ya ziwa. Dar es Salaam kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 101. Musoma ni kama 88. Busta haiwezi kupata msukumo mkubwa kuliko hewa iliyopo. Tuseme kiwambo kina kipenyo cha inchi 9, yaani eneo la sentimita za mraba 410 hivi, na pampu imenyonya sehemu tisa kati ya kumi za hewa. Kwa hesabu ya juu juu, pwani kiwambo hicho kitasukumwa kwa nguvu ya kilo 380 hivi, na Musoma kwa kilo 330. Tofauti hiyo inakaribia mfuko mmoja wa saruji, na hakuna kilichoharibika.

Kutojua jambo hili kunawagharimu watu fedha. Gegi ya ombwe iliyowekewa alama za inchi za zebaki hupima tofauti kati ya ombwe na hewa ya mahali ilipo. Pwani, pampu nzuri inaweza kufikisha mshale karibu na inchi 27. Musoma hata ombwe kamili lisingepita inchi 26 na kidogo, kwa hiyo pampu nzima itasoma 23 au 24. Fundi anayesubiri 27 ataihukumu pampu isiyo na kosa, na mwenye gari atanunua nyingine itakayosoma vilevile.

Kabla ya gegi, pedali yenyewe huzungumza. Pedali ngumu, inayohitaji kukanyagwa kwa mguu mzima huku gari likichelewa kusimama, huelekeza kwenye ombwe na busta. Pedali laini, inayozama au inayohitaji kupampiwa ndipo ishike, ni habari nyingine: upepo kwenye mabomba, mafuta ya breki yanayovuja, raba za masta silinda zilizochakaa, au breki za nyuma zisizokazwa. Kubadilisha busta kwa sababu ya pedali inayozama ni kupoteza pesa.

Ikiwa pedali ni ngumu, kuna vipimo vitatu visivyohitaji kifaa chochote. Injini ikiwa imezimwa, pedali hukanyagwa mara kadhaa mpaka ombwe lililobaki liishe, kisha mguu hubaki juu yake na injini huwashwa. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Kwa dizeli huchukua sekunde chache, kwa kuwa pampu lazima inyonye kwanza. Isiposhuka, ama ombwe haliji ama busta haifanyi kazi. Kipimo cha pili ni kuiacha injini iungurume dakika moja au mbili, kuizima, halafu kukanyaga taratibu mara tatu. Mkanyago wa kwanza huenda chini zaidi, na unaofuata hupungua kila mara. Mikanyago yote mitatu ikilingana, ombwe halikuhifadhiwa. Cha tatu ni kukanyaga injini ikiwaka, kuizima bila kuachia, na kushikilia kwa sekunde 30. Pedali ikianza kuusukuma mguu juu, busta inavuja.

Baada ya hapo uchunguzi hufuata njia ya hewa kuanzia pampu, na si kuanzia busta, ingawa wengi hufanya kinyume. Mkanda uliolegea huteleza, alteneta hupunguza mwendo, na pampu nayo hupunguza. Kwa Hilux za aina hii, taa nyekundu ya chaji ikiwaka safarini ni onyo la breki pia, jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Kisha hukaguliwa mpira wa ombwe, hasa kwenye viungo na pale unapogusa chuma cha moto. Ndani ya njia hiyo mna vali ya upande mmoja. Hujaribiwa kwa kupuliza: hewa ipite kuelekea pampu tu, isirudi kuelekea busta. Gegi ikifungwa kwenye mpira wa pampu na kusoma vizuri, lakini pedali ikabaki ngumu, ndipo busta inaposhukiwa.

Barabara za vumbi za vijijini Butiama na Bunda zina mchango wao. Hewa inayoingia kwenye busta hupitia kichujio kidogo cha sponji nyuma yake, juu ya pedali. Kikijaa vumbi, msaada huchelewa, na dereva husema breki zinashika kwa kuchelewa. Mlio wa hewa chini ya dashibodi usiokoma mguu ukiwa juu ya pedali huonyesha vali au kiwambo kilichochanika. Dizeli haina dalili ya petroli, ambapo injini hutetemeka busta inapovuja. Huendelea kunguruma kama kawaida, na kasoro hukua kimyakimya.

Busta iliyokufa huwa na muuaji. Oili ndani ya mpira wa ombwe ina maana kwamba oili ya pampu imepita mahali isipotakiwa, na oili hiyo hulainisha na kuvimbisha mpira wa kiwambo. Mafuta ya breki yanayopungua bila doa ardhini huenda yanaingia ndani ya busta kupitia raba ya nyuma ya masta silinda. Masta silinda ikifunguliwa na kukutwa majimaji nyuma yake, lazima ishughulikiwe pamoja na busta. Busta mpya ikifungwa nyuma ya masta inayovuja, nayo itaharibika.

Vipimo vyote vikitoka salama, ugumu uko kwenye magurudumu: pistoni zilizoganda, au breki za ngoma zilizolowa grisi kutoka kwenye sili ya ekseli.

Busta nzima huhifadhi ombwe la mikanyago miwili hivi baada ya injini kuzima, kisha dereva hubaki na nguvu za mguu wake. Anayezima injini kwenye mteremko ili kuokoa dizeli anaitupa akiba hiyo mahali anapoihitaji zaidi, na pikapu yenye pedali ngumu isipakiwe mzigo wala kutoka gerejini mpaka ivuke vipimo vile vitatu na ugumu wake uishe.